Halali Iko kwenye Karatasi, Si kwenye Bango



Leo tuongee nyumba. Si ile nyumba ya kuangalia kwenye simu saa sita usiku halafu unalala ukitabasamu. Nyumba ya kweli: vyumba viwili Bamburi, ploti Mtwapa, fleti Eastleigh, au kile kiwanja cha Garissa mnachochangiana ndugu watatu. Na tuongee lile swali ambalo wengi wetu tunaliuliza kwa sauti ya chini: nitapata wapi pesa ya kununua bila kuingia kwenye riba, na nitajuaje kwamba huyu anayeniambia "hii ni halali, akhi" hanichezi shere?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tusizungushane. Kijana wa Kiislamu wa Kenya halazimiki kuchagua kati ya dini yake na paa lake. Njia zipo, ingawa ni nyembamba. Lakini neno halali limekuwa bidhaa, na yeyote anayelitumia kuuza anafaa kuulizwa maswali makali kuliko muuzaji mwingine. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sasa wewe unaambiwa "tuaminiane tu, sote ni Waislamu", na unaona haya kuomba karatasi? Anayekwambia hivyo anakuomba uache jambo ambalo dini yenyewe imelitilia mkazo.

Mlango ni mwembamba kwa kila mtu

Kwanza tusijione sisi peke yetu ndio tumefungiwa. Kwa hesabu za Benki Kuu, mwisho wa 2023 mikopo ya nyumba nchi nzima ilikuwa kama elfu 30 tu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Yaani Mkenya wa kawaida hajengi kwa mkopo wa nyumba. Anajenga kwa chama, kwa sacco, kwa kuuza shamba la babu, kwa kuweka jiwe juu ya jiwe miaka kumi.

Kwa Muislamu kuna kufuli la pili juu ya lile la kwanza. Hata akiwa na mshahara mzuri na karatasi zote, ile njia ya kawaida ni ya riba, na yeye hataki kumalizia miaka 15 ya maisha yake ndani ya kitu anachokiogopa Siku ya Kiyama. Msimdharau mtu huyo. Na wala msimtumie.

Mambo yalianza kufunguka 2005, wakati Barclays, ambayo leo ni Absa, ilipoleta akaunti ya La Riba. Mwaka 2008 zikafungua milango benki mbili kamili zinazofuata Sharia, Gulf African Bank na First Community Bank. DIB Bank Kenya ikapata leseni 2017. First Community ilinunuliwa na Premier Bank ya Somalia mwaka 2023 na sasa inaitwa Premier Bank Kenya. Benki za kawaida nazo zimefungua madirisha yao ya Kiislamu, kama Sahl ya KCB na Amanah ya National Bank. Nazitaja ili ujue chaguo lipo. Sipigii yoyote debe, na hakuna aliyenitumia hata ya chai.

Ila dirisha linaegemea ukuta wa nyumba. Aprili 2016 Chase Bank iliwekwa chini ya mrasimu, na ndani yake kulikuwa na dirisha la Kiislamu, Chase Iman. Wateja wa Iman walikwama pamoja na wengine wote. Kwa hivyo usiangalie tu rangi ya kijani na bismillahi iliyo juu ya kaunta. Angalia benki mama inasimama vipi. Na kama unaweka akiba ya arbuni, kumbuka bima ya amana ya KDIC inalipa mwisho shilingi 500,000 kwa mwenye akaunti katika benki moja. Aliye na milioni mbili za nyumba afikirie kuzigawa.

Wanachokuuzia hasa ni nini

Ukienda kwa wenye kufuata Sharia, utakutana na mikataba mitatu mikubwa. Ijue kabla hujaenda.

Murabaha: benki inanunua nyumba kisha inakuuzia wewe kwa bei ya juu zaidi, unalipa pole pole. Bei hiyo ukishaikubali haipandi tena, hata viwango vya nchi vikipanda. Hiyo ni raha kubwa, manake wenzetu wa riba wamepigwa kila mara kiwango kinapogeuka.

Ijara: benki inanunua nyumba, inakupangisha, na inaahidi kukuhamishia mwisho wa muda. Hapa kodi inaweza kupitiwa kila baada ya muda fulani, kwa hivyo uliza inapitiwa lini na kwa kipimo gani.

Musharaka ya kupungua: nyinyi wawili mnanunua pamoja. Wewe unalipa kodi kwa fungu la benki, na kila mwezi unanunua kipande cha fungu hilo mpaka linaisha. Tuchukue nyumba ya milioni 5. Umetoa milioni 1, benki milioni 4, miaka kumi. Kununua fungu lao ni shilingi 33,333 kila mwezi, na juu yake kuna kodi ambayo inapungua kadiri fungu lao linavyopungua. Baada ya miaka mitano una asilimia 60 ya nyumba, wao 40. Ikiwa baada ya miaka mitano bado unatozwa kodi ile ile ya mwezi wa kwanza, basi ushirika huo ni wa jina.

Kuna wanaosema, "Ah, hizi benki zote ni zile zile, wamebadilisha majina tu." Nawaelewa. Pesa ya mwisho mara nyingi inakaribiana, na wakati mwingine ya Kiislamu ni ghali zaidi. Lakini biashara na riba hazitenganishwi na bei. Zinatenganishwa na nani alibeba mali na nani alibeba hasara. Kwa hivyo swali la kumuuliza afisa ni hili: kati ya siku mliyonunua na siku mliyoniuzia, nyumba ikiungua, hasara ni ya nani? Akijibu "ya benki", muombe akuonyeshe kifungu. Akijibu "hiyo haiwezi kutokea", umeshajua kwamba benki haikuwahi kuimiliki nyumba hiyo hata kwa dakika moja.

Hesabu ambayo hawakuambii

Hapa ndipo vijana wengi wanaumia, na hapahusiani na fiqhi. Ni hesabu ya darasa la saba.

Umetangaziwa "faida ya asilimia 8 tu kwa mwaka". Sawa. Asilimia 8 ya nini? Kama ni ya milioni 4 zote, kila mwaka, kwa miaka kumi, faida ni milioni 3.2. Utalipa milioni 7.2, yaani 60,000 kwa mwezi. Kama ni asilimia 8 ya kile kilichobaki baada ya kila malipo, utalipa kama 48,500 kwa mwezi, jumla milioni 5.8 hivi. Nyumba ni ile ile, miaka ni ile ile, na bango ni lile lile. Tofauti ni zaidi ya milioni 1.3. Na ile ya kwanza, ukiipima kwa kipimo cha ya pili, ni karibu asilimia 13.

Siku moja tulikaa na vijana wanne wa mtaa, tukampigia afisa wa benki moja, simu ikiwa kwa spika. Tukamuuliza: asilimia hiyo ni ya pesa yote ya mwanzo au ya iliyobaki? Akasema kila kitu kimepitishwa na masheikh. Tukamuuliza tena. Akasema hiyo tutaelezwa tukishaleta makaratasi. Mmoja wa wale vijana akasema polepole, "Kwa hivyo niingie kwanza ndio nijue nimeingia wapi?"

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua. Hiyo si fadhila ya afisa. Sheikh anaweza kupitisha muundo wa mkataba, lakini bei unakubali wewe.

Kisha ongeza gharama za pembeni ambazo hazimo kwenye bango: ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, wakili, mthamini, takaful. Kwa nyumba ya milioni 5 mjini, stempu peke yake ni 200,000. Na kwenye mikataba yetu kuna mtego zaidi: nyumba inaweza kuuzwa mara mbili, kutoka kwa mwenyewe kwenda benki, kisha benki kwenda kwako. Uingereza ilibadilisha sheria yake mwaka 2003 ili mnunuzi wa Kiislamu asilipie stempu mara mbili kwa nyumba moja. Wewe uliza: stempu itapigwa mara ngapi, kwa jina la nani, na analipa nani? Jibu lije kwa maandishi.

Maswali ya kwenda nayo

Yaandike kwenye simu yako. Usione haya kuyasoma mbele yao.

1. Hati ya nyumba itakaa kwa jina la nani wakati nalipa?

2. Nikichelewa kulipa, faini inaenda wapi? Kwa viwango vya AAOIFI, chombo cha Bahrain kinachoweka kanuni za fedha za Kiislamu, faini ya kuchelewa inaenda kwa sadaka. Benki haifai kuila. Uliza sadaka hiyo inatolewa wapi na kama hesabu yake inachapishwa.

3. Kwenye ijara, paa likivuja au ukuta ukipasuka, nani anatengeneza? Matengenezo makubwa ni ya mwenye mali. Wakikubebesha kila kitu, waulize umiliki wao una maana gani.

4. Nikipata pesa na kutaka kumaliza mapema, nalipa kiasi gani? Kwenye murabaha benki inaweza kukusamehe sehemu ya faida, lakini mara nyingi si lazima kwake. Ijue kabla.

5. Bodi ya Sharia ni akina nani, na naweza kuona waraka walioutia sahihi kuhusu bidhaa hii? Bidhaa hii hasa, si benki kwa jumla.

6. Nikifariki, familia yangu inabaki na nini? Takaful inalipa deni lote au sehemu?

7. Naomba mkataba nikausome nyumbani kwa wiki moja na wakili wangu. Inawezekana?

Hilo la saba ndilo mtihani. Mwenye mkataba safi hakimbizi mtu. Ukisikia "ofa inaisha Ijumaa", iache iishe.

Nirudi kwenye swali la kwanza, manake lina uzito wa kisheria. Mtu aliyeweka hati yake rehani Kenya ana ulinzi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mwenye kukopesha atoe notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na asiuze kwa bei ya kutupa. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Lakini kama hati iko kwa jina la benki, na wewe kwenye karatasi ni mpangaji, usidhani ulinzi huo utakuja wenyewe. Mwambie wakili auandike ndani ya mkataba: muda wa notisi, na kwamba fungu ulilokwisha kununua linarudi kwako nyumba ikiuzwa. Niliona mkataba ambao kijana analipa miaka saba, akikwama miezi mitatu anatoka kama mpangaji aliyeshindwa na kodi. Halali ya namna gani hiyo?

Na wale wasio na benki

Wengi wetu hatuna karatasi ya mshahara. Una duka la simu, una boda, unauza nguo Marikiti. Hapo anakuja mtu mwingine: kampuni ya ploti, "halali, bila riba, lipa pole pole". Wazo lenyewe halina ubaya. Kuuza kwa malipo ya awamu kwa bei inayojulikana ni jambo zuri. Ubaya ni kwamba hakuna Benki Kuu inayomuangalia. Ana kanzu safi, ana kikundi cha WhatsApp, na ana picha na sheikh fulani kwenye harusi.

Kwake yeye, mambo manne. Pesa yako isiende kwa M-Pesa ya mtu. Ikae kwa wakili, chini ya makubaliano, mpaka hati ithibitishwe. Wakili awe wako, si wa kampuni, hata akikwambia wakili wao ni bure. Fanya serchi ya hati kwenye ofisi ya ardhi mwenyewe, usiletewe picha ya serchi. Na kama ni shamba la kilimo linalogawanywa, uliza idhini ya bodi ya ardhi iko wapi.

Kwa sacco, uliza kama ina leseni ya SASRA. Na ayuto, au mchezo, au kibati, vyovyote mnavyouita kwenu, ni chombo safi kabisa kisicho na riba, na mama zetu wamejengea nyumba kwa huo. Udhaifu wake ni mmoja: haukuandikwa. Andikeni majina, zamu, na nini kinatokea mtu akifa kabla ya zamu yake. Mnajua jinsi warithi wanavyogombana.

Kwa sisi wa Pwani kuna jambo la ziada. Mombasa, hasa Majengo na mitaa ya zamani, tuna nyumba bila ardhi: jengo ni lako, ardhi ni ya mwingine, na unamlipa kodi ya ardhi. Ukinunua nyumba hiyo umenunua kuta. Benki nyingi haziitaki kama dhamana, na mwenye ardhi akiuza, wewe ndio kwanza unaanza kesi. Na ukiambiwa ardhi ni ya wakfu, elewa kwamba ardhi hiyo haiuziki. Unachoweza kupata ni kukodi tu.

Hata hati yenyewe haitoshi. Aprili 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha ufuoni Nyali, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, anayeinunua baadaye halindwi hata kama alinunua kwa nia njema. Kwa hivyo wakili wako asiishie kwa jina lililo kwenye hati leo. Arudi nyuma mpaka mwanzo: ardhi hii ilitoka kwa nani, na ilitolewaje? Benki iliyokuwa tayari kuingiza pesa zake kwa nyumba hiyo kwa kawaida huwa imefanya kazi hiyo. Muulize ikupe nakala.

Kabla ya nyumba, kitambulisho

Siwezi kuandika haya bila kuwataja ndugu zetu ambao hawafiki hata kwenye kaunta. Bila kitambulisho hakuna akaunti, hakuna PIN ya KRA, hakuna hati kwa jina lako. Wapemba wa Kwale na Kilifi waliishi hapa vizazi na vizazi kabla ya kutambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2023. Kijana wa Kisomali, wa Kinubi, wa Mwarabu wa Pwani amekua akijua kwamba kuna kamati ya kumhoji ambayo mwenzake wa darasani hakuiona. Februari 2025 Rais alitangaza mwisho wa ukaguzi huo. Sawa, tumesikia. Tangazo tulipime ofisini, si kwenye jukwaa. Miaka iliyopotea mtu akisubiri kitambulisho ni miaka ambayo mwenzake alikuwa akiweka akiba, akijenga historia ya benki, akinunua ploti ikiwa bado rahisi. Na aliyenunua kwa jina la rafiki au shemeji kwa sababu hakuwa na kitambulisho, leo hana cha kumuonyesha hakimu.

Kwa mlio nje, London, Minneapolis, Jeddah: Katiba, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Kama ulizaliwa raia wa Kenya ukachukua pasipoti nyingine, Katiba ya 2010 inakuruhusu uraia wa nchi mbili. Rudisha uraia wako kwanza, kisha nunua. Na ukimpa ndugu yako mamlaka ya kukusainia, mamlaka hayo yaandikwe na yasajiliwe, yataje nyumba moja, si "mali yangu yote".

Serikali inakata, basi itujibu

Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, kila aliyeajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Siku ya kukatwa hakuna anayeulizwa dini yake. Siku ya kununua ndipo unaonyeshwa mpango wa kulipa wenye kiwango cha riba kwa mwaka. KMRC nayo, kampuni iliyopewa leseni na Benki Kuu 2020 ili kuzipa benki na sacco pesa nafuu za muda mrefu, imejengwa juu ya mikopo ya riba. Yaani kwenye sufuria tunachangia, kwenye sahani tunaambiwa kama hutaki mchuzi huu, lala njaa.

Hatuombi upendeleo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa dini, hata ule usio wa moja kwa moja. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya milioni 5. Tunachotaka ni vitu vitatu. Mpango wa nyumba wa serikali uwe na mkataba wa ijara au wa kuuza kwa bei maalum, usio na riba, na uwe wazi kwa yeyote anayeupenda, awe Muislamu au la. Stempu ilipwe mara moja kwa nyumba moja, bila mteja kubishana. Na Benki Kuu iwe na bodi moja ya Sharia ya kitaifa. Malaysia ilianzisha yake 1997. Hapa kila benki inajichagulia masheikh wake na kuwalipa yenyewe. Siwashuku maulamaa wetu, lakini refa asilipwe na timu moja.

Mwisho, neno kuhusu dharura

Kuna watakaosema, "Lakini kuna fatwa ya dharura." Ipo. Baraza la Ulaya la Fatwa lilitoa moja mwaka 1999 kwa Waislamu wa huko, wengi wao wageni wasio na njia nyingine, na hata wakati ule maulamaa walitofautiana. Ilikuwa ya watu wale, mahali pale, kwa masharti. Kabla hujaibeba mpaka Kisauni, kaa na mwanachuoni anayeijua hali yako, umuonyeshe mapato yako na njia ulizojaribu. Dharura haipimwi na video ya dakika moja. Na wewe uliyebahatika kurithi nyumba, usimhukumu anayelipa kodi ya chumba kimoja na watoto watatu. Hujui alimuuliza nani.

Na kama hujafika kwenye kununua, usinunue. Kupanga nyumba si aibu. Mwenye 30,000 kwa mwezi akijifunga malipo ya 25,000 hajapata makazi, amepata wasiwasi wenye hati.

Hii wiki fanya jambo moja tu. Chukua yale maswali saba, nenda kwenye benki moja, uliza, uandike majibu na jina la bidhaa. Kisha yalete kwenye kikao cha vijana mtaani kwenu au mwambie imamu muyasome pamoja baada ya Isha. Vijana ishirini wakiuliza swali moja kwenye kaunta ishirini, meneja atalazimika kutafuta jibu. Akija mmoja mmoja, kila siku ataambiwa "masheikh wamepitisha".

Sambaza kwa yule rafiki yako ambaye amekwishaambiwa atume arbuni kabla ya Ijumaa. Mwambie asubiri.

Wabillahi tawfiq.